Nyumba ya Tata Ntumba kwa Rangi ya Maji

Ninyi mnaopaka rangi pale nyuma ya paroki, mmeniomba niwaandikie namna nilivyoanza kuonyesha na kuuza picha zangu hapa Kolwezi. Mimi si mtu wa kuandika. Shule niliiachia mwaka wa pili wa sekondari, na tangu hapo mkono wangu umezoea burashi kuliko kalamu. Sasa macho yamechoka, nyekundu na kahawia zimekuwa mapacha, nami burashi nimeiosha na kuiweka. Lakini mdomo bado mzima. Nitaandika kama ninavyosema, na mkiona nimeruka kutoka huku kwenda kule, nifuateni tu, nitarudi.

Nianze na kidole cha mama mmoja wa kwaya.

Onyesho langu la kwanza lilikuwa katika sali, yaani ukumbi, ya paroki kule Musonoi, Jumapili baada ya misa. Nilikuwa kijana, nina kichwa kilichojaa ndoto, nilishaanza hata kufikiri nitavaa nini siku watakaponiita Ulaya. Nilibandika karatasi zangu ukutani kwa pini, bila kioo, bila chochote, zikawa zinacheza na upepo kama nguo kwenye kamba. Lazima mjue kwamba wakati ule picha za kununua zilikuwa za rangi ya mafuta, juu ya gunia la unga, na wauzaji wake walishawafundisha watu jinsi ya kuzipima: unalamba kidole, unasugua pembeni, rangi ikitoka, picha ni ya uongo.

Basi yule mama akasimama mbele ya picha yangu ya Ziwa Nzilo. Akalamba kidole. Nilidhani anataka kufungua ukurasa wa kitabu cha nyimbo. Akasugua katikati ya mbingu, na mbingu ikaondoka na kidole chake.

"Mutoto, rangi yako inatoka."

"Mama, ni rangi ya maji."

"Njo mi nasema, ndiyo hivyo. Inatoka. Utauzia bantu maji?"

Wenzake wakaja kuhakikisha, kila mmoja na kidole chake, kwa upendo kabisa, maana walitaka kunisaidia nijue kwamba nimedanganywa dukani. Kabla watu hawajaenda kula, Ziwa Nzilo lilikuwa limekauka.

Mlangoni palikuwa na mzee mmoja mwembamba aliyekuja kumchukua mke wake kwaya. Alicheka mpaka akatafuta benchi. Huyo ndiye Tata Ntumba, yaani baba Ntumba, kwa heshima. Alikuwa na kibanda karibu na soko, anatengeneza kadri, yaani mbao zile zinazozunguka picha, na kukata vioo vyake, ambavyo sisi tunaviita vitre. Picha za ndoa, picha za watakatifu, picha za marehemu, zote zilipita mikononi mwake. Alipomaliza kucheka akaniambia, "Kesho kuya kwangu. Beba mapicha. Machozi uyaache hapa."

Nilikwenda. Akachukua mabaki ya lile Ziwa Nzilo, akaliweka chini ya kioo, akalizungushia mbao nyembamba, akalitundika nje ya kibanda kati ya Mama Maria na bwana harusi mmoja mwenye miwani. Kabla ya jioni mwalimu mmoja akalinunua. Alisema amependa ule ukungu katikati ya mbingu. Ukungu wenyewe ulikuwa kidole cha mama wa kwaya.

"Unaona," Tata Ntumba akasema. "Akwareli, hii rangi ya maji, bila vitre ni mutoto bila kaputula. Bantu banaona tu kile hakitakiwe kuonekana."

Nilikaa katika kivuli cha kibanda kile miaka mingi. Alinifundisha mambo ambayo ninyi mnayapata kwenye simu, lakini simu haiwapigi kofi la mgongo mnapokosea. Kati ya karatasi na kioo weka ukanda wa karatasi ngumu, visigusane. La sivyo msimu wa mvua karatasi inashikamana na kioo na kuota ukungu wa kweli, si ule wa mwalimu. Usitundike picha mahali jua linapofika, kwa sababu jua linakunywa rangi, linaanza na nyekundu. Kiangazi, maroli yakianza kupita kuelekea machimbo, acha kazi. Lile vumbi jekundu linapenda rangi mbichi kuliko nzi anavyopenda maembe. Na mteja akija, usisimame kando ya picha kama mtu anayelinda mbuzi. Mwache aione peke yake. Mtu hanunui kitu akiwa anatazamwa mdomoni.

Kijani nilikuwa naitengeneza mwenyewe kwa lile jiwe letu la shaba, malakiti. Mara ya kwanza nililisaga siku nzima kwa chupa, nikiamini kwamba unga ukiwa laini zaidi rangi itakuwa kali zaidi. Nikapata kijani dhaifu, kama dawa ya meno. Tata Ntumba alichungulia. "Unasaga muhogo? Rangi ya jiwe inakaa mu chembe. Ukiziua zote, unabakia na nini?" Tangu siku hiyo nikajua kuacha chembe zikiwa nzima kidogo. Mkiona miti yangu ya zamani ina giza zuri, ni kwa sababu hiyo. Sasa malakiti wananunua wengine, kwa magunia, ninyi mnatumia kijani cha kopo. Sawa tu. Kinakauka haraka.

Sasa niruke mpaka Serkle. Serkle ilikuwa klabu ya wakubwa wa kampuni ya mgodi, yenye bwawa la kuogelea na viti vya chuma cheupe. Kwa sisi wa cité, mitaa ya wafanyakazi, kuonyesha picha pale ilikuwa kama kuruhusiwa kuimba peke yako mbele ya askofu. Niliomba mara nyingi, na walipokubali, kampuni yenyewe ilikuwa imeanza kukohoa. Mashine zilisimama moja moja, Wazungu walikuwa wanafunga mizigo, na dukani hapakuwa tena na kioo hata cha kufunikia sahani. Ukumbi nilipewa, picha ninazo, kadri zipo, vitre hakuna.

Nikamweleza Tata Ntumba. Siku mbili tatu baadaye nilikwenda nyumbani kwake Kasulo, nikamkuta juu ya stuli anatoa vioo katika madirisha yake mwenyewe, anavifuta kwa gazeti. Mke wake, Mama Kapinga, alikuwa anakata makaratasi ya boksi apate kuyaziba.

"Mama," nikamwambia, "umukataze."

"Nimukataze? Weye unamujua. Anasema mapicha yako iko na baridi kuliko batoto yake."

Tata Ntumba akaniambia kutoka juu, "Usikuwe na hofu. Dirisha na picha njo hii hii. Yote ni ya kuangalia inje."

Na jioni ya Serkle alikuja na koti lake la ndoa. Nakumbuka alivyotembea usiku ule na kitambaa mfukoni. Kila mtu akigusa kioo kwa kidole, yeye anapita nyuma yake kufuta. Niliuza vizuri. Nilikuwa nimepaka miti ya maua mekundu, ziwa, majumba ya wakubwa na bustani zao, hata lile bwawa. Mzee alizunguka zote, akarudi kwangu, akanisukuma kidogo kwa bega.

"Nyumba ya kila muntu iko hapa. Yangu utaipaka siku gani?"

Nilikuwa na bia mkononi na furaha tumboni. Nikamjibu, "Tata, nyumba yako haikimbie."

Tulicheka wote wawili. Ni mzaha mzuri, hata leo ungewachekesha watu. Lakini tangu mwaka ule sijaweza kuusema tena.

Ninyi hamkuwako, kwa hiyo niwaeleze kwa ufupi, kwa sababu kwa urefu siwezi. Ulifika wakati watu waliotoka Kasai, mkoa jirani, waliambiwa warudi kwao. Ilisemwa kwenye mikutano, ikasemwa redioni, halafu vijana wakaanza kupita avenyu kwa avenyu kuisema mlangoni. Waliambiwa hata wale ambao hawakujua Kasai iko upande gani. Tata Ntumba alizaliwa Musonoi. Baba yake ndiye aliyetoka Kasai kuja kufanya kazi ya mgodi kabla hata barabara haijawekwa lami. Kijana mmoja alipomwambia arudi kwao, alimwuliza, "Kwetu wapi? Kwetu ni pale nyuma ya kirima ya mawe, unione nitembee na miguu?" Kijana alicheka. Lakini wenzake waliokuwa nyuma hawakucheka, na kesho yake asubuhi mzee alibeba mke, watoto na vyombo vya kazi, akaenda gare, kituo cha treni.

Gare ilikuwa imejaa. Watu walilala kando ya reli na milango yao, mabati yao, vyerehani vyao, wakingoja treni ambazo hakuna aliyejua zitakuja lini. Wengi walikaa pale mpaka watoto wakajua kutembea. Mimi nilikwenda kila siku kumpelekea Tata Ntumba unga na mboga. Mimi ni wa kaskazini ya Katanga, mkoa huu huu, mimi sikufukuzwa. Nilipita katikati ya watu wale na mfuko wangu, kila mmoja ananisalimu kwa jina, na sikujua niweke uso wangu wapi.

Siku moja mama mmoja aliyekuwa jirani yetu akanivuta nguo. "Weye si njo ule wa rangi ya maji? Uende unipakie nyumba yangu. Ile nyumba siwezi kubeba. Karatasi naweza."

Nikaenda, nikaipaka kama nilivyokuwa napaka majumba ya wakubwa: ukuta safi, maua mbele, mbingu ya bluu. Nilipompelekea akaiangalia, akanirudishia.

"Hii haiko yangu."

"Mama, ni yenyewe. Hata mti ni ule ule."

"Moshi iko wapi? Ukuta ya jikoni iko na moshi mpaka juu. Na pale batoto banachora na makala, juu ya nini umefuta?"

Nikarudi, nikapaka moshi na michoro ya makaa. Hapo akalia, akaikunja ndani ya kitenge. Hilo nawapa bure, lichukueni: anayeondoka hataki nyumba nzuri, anataka yake.

Baada ya huyo walikuja wengine, na wengine. Nilikuwa natoka asubuhi na ubao wangu, napaka nyumba Kasulo, Musonoi, Manika, narudi gare napachika karatasi kwenye uzio kwa vibanio vya nguo zipate kukauka, na watu wanakuja kutafuta yao. Walizitambua kutoka mbali. Wakati mwingine watoto walizozana: "Yetu njo ile, na paka ku dirisha." Hayo ndiyo yalikuwa maonyesho yangu makubwa kuliko yote, yamejaa watu kila siku, na hakuna aliyelamba kidole. Walinilipa kwa vitu ambavyo treni isingevibeba. Nyumba yangu ikajaa viti. Nilikuwa na viti vingi kuliko matako ya kuvikalia.

Watu wakiniuliza ni lini kazi yangu ilisimama kwa miguu yake, jibu ni hapo. Sijawahi kupaka vizuri kama wakati ule, wala kuuza kama wakati ule. Nisingetaka mmoja wenu auze namna hiyo.

Tata Ntumba aliona yote akiwa amekaa juu ya sanduku lake. Aliangalia kila picha kabla haijakwenda kwa mwenyewe, akanionyesha pembe iliyojikunja, bati nililolipaka limepinda. Nyumba yake hakuitaja. Mimi nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia kitu, siyapati, kwa sababu nyumba yake ilikuwa na mtu ndani.

Mtu mwenyewe alikuwa Yaya Ngoie, kaka yangu. Baba alipokufa ni yeye aliyenilea. Alinipa nusu ya mkate wake mpaka nikawa mrefu kuliko yeye. Alikuwa anapanga chumba kimoja na mke na watoto, na kiongozi wa avenyu alimwambia, "Nyumba ya Ntumba iko wazi. Usipoingia weye, ataingia mwengine." Akaingia. Si mtu mbaya. Naandika hivyo si kwa sababu ni ndugu yangu; naandika kwa sababu ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mbaya.

Siku habari zilipoenea kwamba treni imetoka Tenke inakuja, nikachukua karatasi yangu ya mwisho iliyo nzito, nikaenda Kasulo. Nikakaa ng'ambo ya njia, nikaweka ubao magotini. Yaya alikuwa amekaa kwenye barza, mbele ya mlango, miguu wazi, goti huku goti kule, anakula mahindi.

"Unafanya nini pale?"

"Napaka nyumba."

"Ya nani?"

"Ya Tata Ntumba."

Akatafuna kidogo. "Aliondoka."

"Eko ku gare, yaya."

"Njo kuondoka." Halafu akacheka, akanionyesha madirisha kwa gunzi. "Mwalimu yako aliniachia makarto ya boksi. Batoto bananikoholea usiku. Vitre alipeleka wapi?"

Sikumwambia vilipokwenda. Nikamwomba, "Yaya, utoke kidogo pale ku barza, nimalize."

"Nitoke ku barza yangu? Sasa na weye unafukuza bantu?"

Alisema kwa mzaha, lakini uso wake haukuwa na mzaha. Akatandaza mabega. "Uniweke. Barza bila muntu ni ya marehemu. Unipake muzuri, na hii shati yangu."

Mnajua kazi yetu. Katika rangi ya maji nyeupe haipakwi, inaachwa. Kitu unachotaka kukipaka mwisho unakizunguka, unapaka nyuma yake na kando yake, na karatasi inabaki wazi ikikingoja. Nikapaka mbingu, bati lenye kutu upande mmoja, mpapai, ukuta na ufa wake, makaratasi ya boksi madirishani. Nikamzunguka kaka yangu kwa uangalifu wote niliofundishwa na mwenye nyumba. Sehemu nyingine yote ilipokauka, pakabaki mtu mweupe amekaa kwenye barza. Nikachovya burashi katika kahawia. Nikaishika juu ya karatasi mpaka rangi ikakauka kwenye nywele za burashi. Nikafunga vitu, nikaenda.

Gare watu walikuwa wanafunga mizigo. Tata Ntumba aliipokea picha kwa mikono miwili, akaangalia kwanza kingo, kama mtu wa kadri, halafu kati.

"Papai ni yenyewe," akasema. Akamwita mke wake. "Kapinga, kuya uone ile papai yako." Mama Kapinga akaja, akaangalia, akaweka mkono mdomoni.

"Na makarto ku madirisha, juu ya nini umeipaka?" mzee akauliza.

"Njo namna iko, tata."

"Ah. Nilisahau." Kidole chake kikaenda polepole mpaka barza, kikasimama karibu na ile nyeupe bila kuigusa. "Na huyu?"

Njiani nilikuwa nimejipangia. "Ni nafasi yako, tata. Ukae vile juu ya sanduku, nikupake sasa hivi. Rangi iko hapa."

Nikatoa burashi, nikatafuta maji. Yeye akaendelea kuangalia.

"Mi niko mwembamba," akasema. "Na siku zangu zote sijakaa miguu wazi. Huyu ni muntu munene, anashiba. Ni nani?"

"Acha, baba ya batoto," mke wake akasema.

"Ni yaya yangu," nikasema. "Ngoie."

"Ngoie? Ule nilimutengenezea photo ya ndoa?"

"Ndiyo, tata."

Akarudi kuangalia picha. Nilingoja anitukane, ningefurahi anitukane. Akauliza, "Eko analala mu chumba gani?"

"Ile ya mbele."

"Umwambie ile ya mbele maji inaingia ku kona, upande ya papai. Mvua ikianza, aweke bati ingine juu. Ule mutoto wake mudogo yuko na kifua."

Nikachovya burashi ili mikono ipate kazi. Nikamwomba akae, nijaribu, labda kwa kivuli kidogo pale miguuni nitaweza kumwingiza.

"Acha vile," akasema.

"Tata, haijaisha."

"Mi nakwambia acha vile. Usijaze muntu kwa nguvu."

Picha hiyo hakuiwekea kioo. Alijua wago, behewa la wazi, linavyotikisa. Alivunja mbao mbili za meza waliyokuwa wanalia chakula, akaikatia karatasi ngumu, akailaza picha katikati bila kuikunja, akapigilia misumari midogo midogo pembeni, huku watu wanakimbia na masufuria na mtu anapiga kelele kwamba treni imefika. Sijaona sanduku limetengenezwa vizuri kama lile. Akaliweka kifuani chini ya koti, akapanda. Mama Kapinga alinipungia mkono. Yeye alikuwa ameshikilia kifua kwa mikono yote miwili, kwa hiyo alinipungia kwa kichwa.

Treni ikaenda kuelekea Tenke, na huko inapinda kwenda Lubudi, Kamina, mpaka Kasai.

Nikampelekea Yaya ujumbe wa ile kona. Akaomba ngazi kwa jirani, akapanda, akapigilia bati.

Siwaambii kwamba ningeweza kuizuia treni. Ninachojutia ni kidogo, na ndiyo maana kinaniuma. Miaka yote ile nilikula kwenye barza ile. Mzee alikuwa amekaa pale kila jioni, mwembamba, miguu pamoja, anavuta kiko, na mimi nikiwa na karatasi, nina rangi, nina muda. Nilipaka hata bwawa la kuogelea la watu.

Baadaye nilionyesha picha kwingine, Likasi, Lubumbashi mara moja, mkahawani kwa Mgiriki mmoja. Ni maonyesho mazuri, mnaweza kuuliza. Sina ya kusimulia.

Habari za Tata Ntumba zilinifikia kwa dereva mmoja, Mwislamu wa kutoka mashariki anayebeba samaki na chumvi kati ya huku na kule. Alisema kuna mzee mjini Mwene-Ditu, huko Kasai, anatengeneza kadri, na ukiingia kwake unakuta nyumba ya Kolwezi imetundikwa chini ya kioo kizuri, haiuzwi. Wateja wanamwuliza yule mtu mweupe kwenye barza ni nani, kwa nini hakupakwa. Mzee anawajibu, "Ule ananichungia nyumba."

Nilimwambia Yaya maneno hayo. Alikuwa anafunga kiatu. Akakaa na kamba mkononi muda mrefu, halafu akafungua kile kiatu badala ya kukifunga.

Ninyi mnajua kilichotokea Kasulo baadaye, hiyo mmeiona kwa macho. Mtu mmoja alichimba choo akakuta kobalti, na avenyu nzima ikaingia chini ya vitanda vyake. Yaya naye alianza kuchimba katika chumba cha mbele, yeye na wanawe, wakashuka kwa kamba pale pale chini ya ile kona. Walipata, wakala, wakanunua pikipiki. Halafu msimu mmoja wa mvua nyumba ikaanza kulia kwa ukuta. Walitoka wote, Mungu asifiwe. Ikaingia ardhini taratibu, bati mwisho. Mpapai ulikuwa umeshakatwa kabla.

Sasa Yaya anakaa kwangu. Ni mzee, amekonda. Siku hizi na yeye anakaa miguu pamoja. Mwaka jana aliniomba nimpakie ile nyumba, kwa kuwa mimi niliwahi kuipaka. Nilijaribu, ilikuwa karibu picha yangu ya mwisho. Mkono ulitoa nyumba, lakini si ile. Nikamwambia, "Yaya, ile nyumba imebakia moja tu, na iko Mwene-Ditu."

"Basi tuende," akasema.

"Kufanya nini?"

"Kumwambia imeanguka. Ule mzee anafikiri mi namuchungia mpaka leo."

Bado hatujaenda. Treni siku hizi ni ya kubahatisha, na mgongo wa Yaya hauwezi roli. Lakini shati la safari amelifua, limekunjwa, liko juu ya meza. Kwa hiyo ninyi vijana, na hasa wale wenye ndugu wanaofanya biashara upande ule: kama kuna mmoja wenu atakayepita Mwene-Ditu na kuingia kwa mzee wa kadri, msalimieni sana, angalieni picha, msikilizeni akiwaeleza habari za yule mweupe wa kwenye barza. Habari ya nyumba msimwambie. Tutakwenda wenyewe.